Mkalimani Asiyeitikia

Ukimsimulia jambo, alikuwa haitikii. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kila mtu hapa mpakani angekutajia kwanza, kabla ya koti lake jeusi na kabla ya lugha zake.

Sisi watu wa huku, mtu akiongea unamwitikia. Anasema nimetoka Khunyangu asubuhi, unasema eeh. Anasema mvua ikanikuta njiani, eeh. Nikajikinga dukani, eeh. Hujakubali kwamba mvua ilinyesha. Hukuwepo, utajuaje? Unamwambia tu kwamba uko naye, unasikia, aendelee. Mteso anaitikia, Msamia anaitikia, Mjaluo anaitikia, na Mganda wa ng'ambo anaitikia kutushinda sote. Usipoitikia, mtu atakatiza habari yake akuulize kama umelala au kama mna ugomvi.

Yeye alikukodolea macho mpaka ukamaliza, halafu akasema, "Nimesikia." Ukimbana aliongeza, "Sijakubali. Nimesikia." Wakati mmoja watu wa huku walimchukua kwenda kuzungumza mahari upande wa Amukura, kwa ajili ya lugha zake. Wazee wa upande wa pili wakaongea kwa heshima zote, naye anawatazama tu, mpaka mmoja akauliza kama wageni wameleta sanamu. Akamjibu, "Mzee, nasikia vizuri sana. Lakini nikisema eeh hapa, kesho mtasema nilikubali ng'ombe wote mliowataja." Walinusurika kufukuzwa. Hakualikwa tena kwenye mahari, na nadhani alifurahi.

Tulimwita Mkalimani, hata alipostaafu. Kwa miaka isiyopungua thelathini alisimama kando ya kizimba katika korti yetu, akigeuza maneno ya hakimu kuwa Kiteso, Kisamia, Kijaluo au Kiganda, na maneno ya washtakiwa kuwa Kiingereza. Alipostaafu alihamia ng'ambo ya ua wa korti, akaweka meza na kiti chini ya mwavuli wa kampuni ya simu uliopauka, akawa anawaandikia watu barua na kuwaeleza namna ya kujibu mashtaka. Wenye kesi za barabara walikuwa wengi zaidi. Siku za trafiki ungewakuta wamejipanga mbele yake kama wagonjwa, naye akimwambia kila mmoja maneno yale yale mawili: "Nyamaza usomewe."

Mimi nilimchukia mtu huyu karibu maisha yangu yote. Bora niseme mapema, msije mkafikiri nawachorea mzee wa busara.

Baba yangu alikuwa wa baiskeli pale Malaba, wale wa zamani waliokuwa wakivusha watu kutoka boda hii hadi boda ile kabla pikipiki hazijaja kurithi jina hilo. Siku moja lori lilirudi nyuma bila kuangalia, likaikanyaga baiskeli yake ikiwa imeegeshwa kando ya lami. Baba aliruka akapona, baiskeli haikupona. Askari akaja, akaenda kuongea na dereva upande ule mwingine wa lori, akarudi akamshika baba. Mashtaka yalikuwa kuzuia barabara. Yaani baiskeli iliyokanyagwa ndiyo iliyolizuia lori lililoikanyaga!

Nilikuwa darasa la sita, nimesimama nyuma kabisa kortini na mama. Karatasi ilisomwa kwa Kiingereza, na Mkalimani akaigeuza kwa Kiteso kizuri, cha polepole, Kiteso cha mtu mzima akimwambia mtu mzima mwenzake. Kila alipotua, baba aliitikia. Siku fulani. Eeh. Katika barabara kuu ya Malaba. Eeh. Ukiwa na baiskeli. Eeh. Ulizuia njia ya magari. Eeh. Baba alikuwa akingoja amalize ndipo aanze kusema yake. Alikuwa ameshavuta pumzi, nilimwona mabega yakipanda. Hakimu akauliza kitu. Mkalimani hakumgeukia baba. Alitamka neno moja, hakimu akaandika, faili ikafungwa. Baba alishushwa kizimbani mabega yakiwa bado juu.

Faini ilitushinda, kwa hiyo alifungwa miezi mitatu. Alirudi mzima wa mwili, ila aliacha kuitikia. Mama angemsimulia habari za siku nzima, naye kimya. Majirani walipokuja kumpa pole waliondoka wakisema amerudi na kiburi cha jela. Miaka ikapita, mama naye akachoka kuongea na ukuta, akaacha kusimulia. Mimi nilipopata leseni ya udereva, wa kwanza katika ukoo wetu, nilikimbia kumwambia baba. Alinitazama, macho yamejaa maji, na hakutoa hata eeh moja. Tukamzika hivyo.

Basi nilipokuwa nikipita mbele ya mwavuli ule na kumwona Mkalimani naye haitikii, damu ilinichemka. Baba aliacha kwa sababu neno lile lilimfunga. Huyu alikuwa ameacha kwa sababu gani?

Lile koti jeusi alilivaa hata jua likiwa kali, likinuka nafthalini, na tai, na chini akavaa akala za matairi kwa sababu miguu yake ilikuwa inavimba. Matusi aliyatoa kwa Kiganda peke yake; alisema ndiyo lugha ambayo tusi lake halimfanyi mtu akuite kortini. Alikuwa na watoto aliowalea mbali, Nakuru, na hakuwafundisha hata lugha moja kati ya zile tano zilizomlisha. Binti yake alipokuja likizo alikuwa akinunua nyanya sokoni kwa Kiswahili cha mgeni. Niliwahi kumsikia mtu akimuuliza mzee kwa nini amewanyima watoto lugha zake. Alisema, "Wakizijua watatumwa wazitumie." Hakutaka kulipwa pesa na wenye kesi. Alitaka kichwa cha mbuta, nacho alikila pale pale mezani kwa vidole, macho ya samaki kwanza, karatasi za watu zikiwa pembeni zimefunikwa na gazeti.

Mimi ni mtu wa samaki. Nina pikapu ndogo, nachukua mbuta na omena Osieko, nauza Busia. Wanaoijua barabara hiyo wanajua foleni ya malori. Ukikaribia Busia unayakuta yamesimama upande wako wa barabara, moja nyuma ya jingine, yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Mengine yanakaa hapo siku mbili. Madereva wanashuka, wanafua nguo, wanazianika kwenye kioo cha pembeni, wanawasha jiko katikati ya magurudumu. Wewe wa gari dogo huna njia nyingine ila kutoka kando uyapite. Kila mtu anayapita. Gari la maiti linayapita. Gari la polisi linayapita.

Siku hiyo askari wa trafiki alinisimamisha.

"Madam, leta laiseni. Umeovateki kwa laini haijakatika."

"Afande, hizi lori zimepaki. Angalia, huyu anapika."

"Mimi sijakuuliza mambo ya kupika. Umepita ama hujapita?"

"Nimepita, lakini..."

"Basi umekubali. Kwani unabishana na nani?"

Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alinyoosha mkono ule mwingine, kiganja juu, akangoja. Sikuweka kitu. Akaandika kuendesha gari kwa njia ya hatari, kosa ambalo hakimu akitaka anaweza kukunyang'anya leseni. Bila leseni ningerudi kubeba beseni kichwani kama nilivyoanza. Nililala na hilo na kuamka na hilo. Lakini kila mtu aliniambia kitu kimoja, na kila mtu alikuwa na akili timamu: "Sema ni kweli, omba msamaha, ulipe faini, uende zako. Ukikataa utazungushwa mwaka mzima." Hata wauza samaki wenzangu walinicheka, wakaniuliza kama nimeanza kusomea uwakili.

Lakini jina la nyumba yetu lilikuwa limeshaandikwa mara moja katika korti ile kwamba limekubali. Sikutaka liandikwe mara ya pili. Hilo tu ndilo nililotaka. Leseni ilikuwa tumbo langu, lile neno lilikuwa koo langu.

Nikamwendea Mkalimani. Nilijidharau nilipokaa kwenye kile kiti, lakini hakukuwa na mwingine aliyeijua korti hivyo bila kuwa wakili. Sikumwambia mimi ni nani.

"Umeshajibu?" akaniuliza.

"Bado, mzee. Ni kesho."

"Ukisomewa, utafanya nini?"

"Nitasikiliza."

"Hebu nikuone ukisikiliza."

Akachukua karatasi tupu, akaishika kana kwamba imeandikwa, akaanza kunisomea kwa sauti ile ile ya miaka ile, polepole, ya heshima. "Kwamba wewe, siku ya Jumanne." Kimya. "Katika barabara ya kuingia Busia." Kimya. "Ukiwa dereva wa pikapu nyeupe." Kimya. "Uliendesha bila kujali watumiaji wengine."

Akapiga meza kwa kiganja. "Umefungwa!"

"Kwa nini? Sijasema kitu!"

"Umeitikia mara tatu, mama. Hata hujijui."

Ni kweli nilikuwa nimeitikia. Nilipopiga hesabu kichwani nilijisikia nikisema eeh, eeh, eeh, kwa mdomo wangu mwenyewe, kama baba. Na hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo sijawahi kuipata kabla wala baada. Alijua! Mtu huyu alijua kabisa kwamba eeh ya watu wetu haina kukubali ndani yake, alijua hivyo kiasi cha kuweza kunitega nayo mchana kweupe, na bado siku ile alifungua mdomo akampa hakimu lile neno.

Nikamwambia. Baiskeli, lori, Malaba, eeh nne, mabega. Nilimwambia kwa sauti, watu wa foleni wakageuka. Alinitazama bila kuitikia, kama kawaida yake, nami nikatamani kuupindua ule mwavuli umwangukie.

"Nimesikia," akasema nilipomaliza.

"Na umekubali?"

Alikunja ile karatasi tupu mara mbili, tatu. "Nilikuwa mdomo tu, mama. Faili ni nyingi, hakimu anataka kwenda kula, anauliza amekubali? Mdomo unajibu. Simkumbuki baba yako. Walikuwa wengi." Halafu akaniambia, "Kesho uma ulimi. Ukishindwa, uma kitambaa. Nyamaza usomewe, halafu sema maneno mawili tu: si kweli."

Ningeinuka niende. Sikuinuka. Nilimwambia anifundishe yanayofuata, kwa sababu nilitaka kushinda, na nilimletea kichwa cha mbuta nikiwa nimenuna.

Hii kesi ilichukua miezi minane. Nilisomewa nikiwa nimeuma leso, karani kijana akauliza, "Ni kweli ama si kweli?" nikasema si kweli, na hakimu akainua macho kunitazama kwa mara ya kwanza. Watu wote waliotangulia asubuhi hiyo walikuwa wamesema ni kweli. Kuanzia hapo nikaanza kuadhibiwa kwa kutokubali. Nilikuja mara ya kwanza, askari hayuko. Mara ya pili, faili haionekani. Mara ya tatu, askari yuko likizo. Kila siku ya kesi ni siku ambayo samaki wangu hawauzwi, na hakuna anayekuomba radhi. Waliosema ni kweli walikuwa wameshasahau. Nawauliza nyinyi mnaosoma, hiyo ni haki ya namna gani, ambayo mwongo anaenda nyumbani saa nne na msema kweli anarudishwa mwezi ujao?

Katikati ya miezi hiyo nilimwona Mkalimani amepakiwa kwenye pikipiki, hana kofia, amesimamishwa na trafiki karibu na soko. Alichomoa kitu kwenye mfuko wa koti, wakasalimiana kwa mikono miwili, pikipiki ikaondoka. Nilimfuata hadi mwavulini nikawaka.

"Sisi unatutuma tukakatae, na wewe unatoa kitu kidogo?"

"Mimi naijua korti," alisema, akitafuta miwani yake. "Ndiyo maana siendi."

Hakuona haya hata kidogo. Aliketi akaanza kunipangia maswali ya kumuuliza askari, na yalikuwa maswali ya ajabu. Hakutaka nimuulize habari za mstari wala mwendo. "Muulize chai," alisema.

Siku askari alipofika hatimaye, akatoa ushahidi wake akiwa amesimama wima. Hakimu, mama wa miwani aliyeonekana kuchoka kuliko sisi, akaniuliza kama nina maswali.

"Afande, uliponisimamisha, ulikuwa umeshika nini mkononi?"

"Sikumbuki. Kikombe, nafikiri."

"Cha nini?"

"Cha chai."

"Nani alikupatia?"

Akacheka kidogo, akamtazama mwendesha mashtaka. "Hao madereva wa lori. Ni watu wazuri."

"Waliipika wapi?"

"Si hapo tu chini ya lori. Walikuwa na jiko."

"Hilo lori lenye jiko chini yake, ndilo unasema niliovateki?"

Kortini watu wakaanza kucheka, karani akawanyamazisha. Hakimu aliacha kuandika. "Afisa," akamwambia, "lori lilikuwa linakwenda na jiko?"

Niliachiliwa huru. Hakimu alisoma dakika mbili, nami nikiwa nimeuma leso mpaka mwisho kwa kuogopa kuitikia hata ushindi wangu. Leseni ikabaki yangu. Nje nilitarajia kuruka kwa furaha, lakini nilichokuwa nacho ni hasira ile ile. Swali moja kama lile la chai lingemwokoa baba. Swali moja. Alilijua mtu aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, na hakulitoa.

Nilikwenda mwavulini kumwambia. Meza ilikuwa imeinuliwa, kiti kimefungwa kwa mnyororo. Mwanamke wa duka la jirani akasema mzee alianguka siku iliyotangulia, amepelekwa hospitali upande wa Alupe.

Nilikaa wiki mbili bila kwenda. Halafu nikapika kichwa cha mbuta, nikakifunga kwenye bakuli lenye kifuniko, nikaenda mchana.

Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea. Binti yake wa Nakuru alikuwa ameketi kitandani akimpangusa. Alinikaribisha kwa adabu, akaniambia madaktari wamesema kusikia anasikia kila kitu, ila maneno yamekwisha. "Imebaki sauti moja tu," alisema. "Utaona."

Nikamwambia, "Mzee, nimeshinda kesi."

"Eeh," akasema Mkalimani.

Nilishtuka nikataka kugeuka nione ni nani mwingine aliyemo chumbani. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akitoa sauti hiyo. Nikaendelea. Askari aliulizwa chai. Eeh. Hakimu aliacha kuandika. Eeh. Aliitikia vizuri, penye kutua, kama watu wote wa huku, na binti yake akatabasamu kuona baba yake ana mtu wa kuongea naye.

Kisha nikavuta kiti karibu, nikaacha Kiswahili. Nilimsemesha kwa Kiteso, polepole, Kiteso cha mtu mzima akimwambia mtu mzima mwenzake. Nilimwambia kwamba yeye, katika siku fulani. Eeh. Akiwa mkalimani wa korti. Eeh. Alimsikia mtu wa baiskeli akiitikia tu. Eeh. Na alijua kwamba hajakubali, akasema amekubali.

"Eeh," akasema, na jicho lake zima likanitazama bila kupepesa.

Binti aliacha kumpangusa. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Dada, samahani, mimi sijui hiyo lugha," akaniambia. "Mnaongea nini? Anasema aje?"

Nilijua. Naapa nilijua, kuliko mtu yeyote katika hospitali ile, kwamba sauti ile ingeweza kuwa ni kusikia tu. Alikuwa amenifundisha mwenyewe kwa kupiga meza. Pumzi yake ilikuwa imepanda, mabega yameinuka kidogo kwenye mto, kama mtu anayetaka kuanza kusema yake.

"Nimemuuliza jambo la zamani," nikamjibu binti. "Amekubali."

Kiswahili mzee alikuwa anakijua. Alinitazama muda mrefu. Nikafungua bakuli, nikamwambia nimemletea kichwa cha mbuta, macho yote mawili yapo, nikamwambia malori bado yamejaa barabarani, nikamwambia samaki wamepungua Osieko. Hakuitikia tena mpaka nilipoondoka.